Mvua ya Oktoba isiwadanganye wakulima

Oktoba jua la Lubumbashi huwaka kweli. Ikipiga mvua moja au mbili za ngurumo, watu wa mtaa wa Makomeno hutoa majembe siku hiyohiyo na kufukia mahindi nyuma ya nyumba. Kisha mbingu hufunga wiki mbili. Miche hujikunja, hufa, na mbegu ya pili hununuliwa kwa pesa ya bukari, yaani ugali wa nyumbani.

Inauma, maana hasara hiyo inaepukika. Safu hii inawaomba wasubiri hadi katikati ya Novemba, na sababu iko katika herufi tatu ambazo wataalamu wameupa mji huu: Cwa.

Herufi hizo zilitoka kwa mwanasayansi wa tabia za nchi, Wladimir Köppen, aliyezaliwa Saint Petersburg mwaka 1846. Tasnifu yake ya 1870 ilihusu joto na ukuaji wa mimea, na alipochapisha mgawanyo wake wa tabia za nchi mwaka 1900, mimea ndiyo ilimwongoza kuweka mipaka. Kundi A ni nchi za joto, ambako hata mwezi wa baridi zaidi una wastani wa nyuzi 18 au zaidi. B ni ukame, C baridi ya kiasi, D baridi kali, E barafu.

Kisangani iko A na hupata mvua kila mwezi. Kinshasa nayo ni A, ila ina miezi mikavu. Lubumbashi imeangukia C kwa sababu imeinuka mita 1,200 hivi juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Ndiyo maana mchikichi unaostawi kaskazini mwa Kongo haustawi hapa. Herufi w inasema majira ya baridi ndiyo makavu. Nayo a ndogo inasema kwamba mwezi wa joto zaidi hufikisha wastani wa nyuzi 22.

Kwa mkulima, w ndiyo yenye uzito. Mvua huwa ya uhakika kuanzia Novemba na kuaga kati ya Machi na Aprili. Mahindi ya miezi minne yakipandwa kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba hujaza punje udongo ukiwa bado na maji. Ya mwishoni mwa Januari hukutana na kiangazi yakiwa na punje changa.

Kabla ya kupanda, mkulima achimbe: unyevu ufike kina cha kiganja, na mvua iwe imerudi mara kadhaa. Wakati wa kusubiri, samadi ichanganywe na udongo, na mwenye kisima amwagilie mboga ya lengalenga.

Baridi nayo ina faida yake. Kabichi, karoti na vitunguu hupenda miezi ya Mei hadi Agosti mradi maji yawepo, kwa hiyo kitalu cha kabichi kiandaliwe Aprili, mvua za mwisho zikingali zinanyesha.