Je, Tule Bila Njaa? Somo juu ya Mlo wa Anayepunguza Uzito katika Wilaya za Mbulu na Hanang

Utangulizi

Swali hili huletwa kliniki kwa maneno yanayokaribiana: "Daktari, niliambiwa nile kidogo kidogo mara tano kwa siku ili nipungue. Saa nne ikifika sina njaa. Nile au nisile?" Aliyeniuliza mara ya mwisho ni mama wa makamo kutoka kijiji kilicho jirani na Katesh. Alikuwa na kilo 84 na urefu wa mita 1.58, yaani uwiano wa uzito kwa urefu wa 33.6, ambao ni unene uliokithiri. Kwa miezi sita alikuwa ameutii ushauri ule kwa uaminifu. Aliongeza andazi na chai saa nne, kisha viazi vitamu saa kumi, bila kupunguza chochote katika ugali wa mchana na wa usiku. Uzito wake uliongezeka kilo tatu.

Miaka kadhaa kabla yake, mgonjwa mwingine aliniuliza swali hilohilo nami nikamjibu kwa haraka: "Kama huna njaa, usile." Sikumwuliza anatumia dawa gani. Alikuwa mkulima mwenye kisukari, akimeza glibenklamidi kila asubuhi. Siku chache baadaye alimeza dawa, akaenda kulima bila kifungua kinywa, na akakutwa ameketi kwenye matuta, jasho likimtiririka, akizungumza maneno yasiyoeleweka. Jirani yake alimpa chai yenye sukari nyingi, naye akarejewa na fahamu zake. Kosa lilikuwa langu.

Swali lilikuwa moja, lakini majibu yalipaswa kuwa mawili. Baada ya kusoma somo hili, mhudumu wa afya na mgonjwa waweze kutofautisha njaa na hamu, kumtambua anayeweza kuacha mlo bila madhara na asiyeweza, na kutambua wakati ambapo kukosa njaa kwenyewe ni dalili ya ugonjwa.

1. Njaa, hamu na mazoea

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili. Njaa ni hali ya tumbo linalodai chakula, na njaa ni pia janga la mwaka wa ukame, mahindi yanapokauka na ng'ombe wanapokufa. Mzee wa Hanang aliyewahi kupoteza mifugo yake kwa ukame akiambiwa "subiri njaa ndipo ule", hasikii ushauri wa afya, bali anasikia akitakiwa kulikaribisha janga. Kwa hiyo ni bora mhudumu aseme: "Subiri hadi tumbo lidai."

Tumbo hudai kwa njia ya homoni. Ghrelini, iliyotambuliwa na wanasayansi wa Japani mwaka 1999, hutolewa zaidi na tumbo lililo tupu na kuuarifu ubongo kwamba wakati wa kula umefika. Leptini, iliyotambuliwa nchini Marekani mwaka 1994, hutoka katika mafuta ya mwili na kuujulisha ubongo kiasi cha akiba iliyopo. Jambo la kuzingatia ni kwamba ghrelini hufuata ratiba. Aliyezoea chai ya saa nne atahisi njaa saa nne, na asipokula, mara nyingi hisia hiyo hupungua yenyewe baada ya muda.

Hamu ni jambo jingine. Huamshwa na harufu ya chapati, na sherehe, na uchovu, au na huzuni. Kipimo chake ni rahisi. Mtu ajiulize: "Je, ugali na mboga za majani vingeniridhisha sasa hivi?" Akijibu ndiyo, huenda ni njaa. Akijibu kwamba anataka andazi tu, hiyo ni hamu.

2. Utafiti unasema nini?

Wengi wetu tulifundishwa kwamba anayeacha kifungua kinywa hunenepa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walichapisha katika jarida la BMJ uchambuzi wa majaribio 13 yaliyolipima jambo hilo. Waliopangiwa kula kifungua kinywa walikula takriban kilokalori 260 zaidi kwa siku kuliko walioacha, na uzito wao ulizidi kwa wastani wa kilo 0.44. Tofauti hiyo ni ndogo, na watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba ubora wa majaribio hayo haukuwa mkubwa. Hata hivyo, dai kwamba kula asubuhi bila njaa humsaidia mtu kupungua halikupata nguvu. Vivyo hivyo, mtu mzima mwenye afya akiacha mlo mmoja, mwili wake "haufungi" wala hauachi kutumia nishati.

Hoja nyingine isikikayo sana vijijini ni hii: "Nakula sasa bila njaa kwa sababu nitakwenda shambani, chakula chote kitaisha huko." Hoja hiyo ina jibu lililotoka jirani. Wahadzabe, wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi na katika bonde la Yaeda wilayani Mbulu, walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Herman Pontzer na wenzake. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11 hivi kwa siku na wanawake takriban 6, wakiwinda, wakirina asali na kuchimba mizizi. Watafiti walipopima nishati iliyotumiwa na miili yao kwa siku nzima, walikuta kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, haikuzidi ile ya watu wa Marekani na Ulaya wenye maisha ya kukaa. Inaelekea mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi yake kwingine.

Hii haina maana kwamba kutembea na kulima havina faida. Vinalinda moyo, vinashusha sukari na kuimarisha misuli. Maana yake ni kwamba jembe pekee halifuti chakula kilicholiwa bila kuhitajika.

Utafiti mwingine unatuonya tusiifanye njaa kuwa hakimu pekee. Mwaka 2011 watafiti wa Australia waliwafuatilia watu 50 walioshiriki katika mpango wa kupunguza uzito. Mwaka mmoja baada ya kupungua, homoni zao bado zilikuwa zikiuchochea mwili kula, nao walihisi njaa zaidi kuliko kabla ya kuanza. Kwa hiyo anayepungua asijilaumu kwamba hana msimamo. Mwili wake unadai akiba uliyoipoteza. Mtu kama huyo, hasa yule ambaye akiacha mlo wa mchana hushindwa kujizuia usiku, anaweza kunufaika kwa kula mlo uliopangwa kabla njaa haijawa kali. Huko si kula ovyo bila njaa, maana mlo huo umehesabiwa ndani ya chakula cha siku na haukuongezwa juu yake.

3. Wasiopaswa kusubiri njaa

Wafuatao wale kwa saa, wawe na njaa au wasiwe nayo, mpaka mtaalamu atakapowaelekeza vinginevyo:

(a) Anayetumia insulini au vidonge vinavyosukuma kongosho kutoa insulini, kama glibenklamidi. Dawa hizi huendelea kushusha sukari hata kama chakula hakikuliwa. Anayetumia metformini peke yake hana hatari kubwa ya namna hiyo.

(b) Mjamzito na anayenyonyesha. Huu si wakati wa kujipunguza bila usimamizi.

(c) Mtoto na kijana anayekua. Maeneo yetu yana watoto waliodumaa, na nyumba moja yaweza kuwa na mama mnene na mtoto mwenye utapiamlo. Ushauri wa mama usihamishiwe kwenye sahani ya mtoto.

(d) Mgonjwa wa kifua kikuu, anayeishi na virusi vya Ukimwi aliyepungua mwili, anayepona baada ya upasuaji, na mzee aliyedhoofika.

Kwa kundi (a), kanuni ni mbili. Kwanza, usimeze kidonge cha aina hiyo wala kuchoma insulini ya mlo kisha ukaacha kula. Pili, usiache dawa kwa uamuzi wako. Rudi kliniki ili kipimo chake kiangaliwe upya. Kadiri uzito unavyopungua ndivyo dozi ya dawa za sukari, na pengine za shinikizo la damu, inavyoweza kuhitaji kupunguzwa. Wanaofunga, iwe Ramadhani au Kwaresima, waje kabla ya mfungo kuanza.

Dalili za sukari kushuka ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, hasira isiyo na sababu na kuchanganyikiwa. Sukari ikiwa chini ya 3.9 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, au dalili zikiwapo na kipimo hakuna, mgonjwa anywe maji yenye vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari. Apimwe au aangaliwe tena baada ya dakika 15, na dalili zikiendelea arudie. Akipata nafuu, ale chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Alazwe kwa ubavu na apelekwe hospitali haraka. Kwa kuwa wengi huishi mbali na kituo cha afya, mgonjwa wa namna hii asiende shambani wala machungani bila sukari mfukoni, na mwenzake mmoja ajue maana ya dalili hizo.

4. Kukosa njaa kunapokuwa dalili

Kuna mgonjwa anayekuja akifurahi: "Daktari, siku hizi sisikii njaa kabisa, na nguo zimelegea." Tusimpongeze kabla ya kumchunguza. Aliyepoteza asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia anahitaji uchunguzi. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa na jasho la usiku huelekeza kwenye kifua kikuu. Kiu kali na kukojoa sana huelekeza kwenye kisukari. Chakula kukwama kooni, kutapika mara kwa mara au choo cheusi huhitaji rufaa bila kuchelewa. Magonjwa ya figo, ya ini na sonona nayo huondoa hamu ya kula. Anayepungua kwa kukusudia huweza kueleza alichokibadilisha. Asiyeweza kueleza, tumtafutie sababu.

5. Chakula kisichodaiwa hutoka wapi?

Kwa wagonjwa wetu wengi, chakula cha ziada hakimo kwenye ugali peke yake. Kimo katika vitu ambavyo havihesabiwi kuwa chakula. Kikombe cha chai chenye vijiko vitatu vya sukari kina takriban kilokalori 48. Vikombe vitano kwa siku ni kilokalori 240, karibu sawa na ile tofauti ya kifungua kinywa tuliyoitaja. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina takriban 120, na chapati au andazi hubeba mafuta hayo bila kuonekana. Pombe, ya kienyeji au ya chupa, ina nishati nyingi na haimshibishi mtu. Mama naye humalizia ugali uliobaki katika sahani za watoto kwa sababu kutupa chakula ni aibu.

Kisha kuna ugeni. Kwa Wairaqw, kwa Wadatoga na kwa majirani zao wote, mgeni hupewa chakula, na kukikataa kwaweza kuonekana ni kumdharau mwenyeji. Hatumwambii mgonjwa avunje undugu. Tunamfundisha aseme mapema, kabla chakula hakijapakuliwa: "Mama, nimetoka kula sasa hivi. Nipe chai isiyo na sukari, nikae nawe." Akiletewa chakula hata hivyo, achukue kidogo, ale polepole, na mlo wake unaofuata upungue kwa kiasi hicho. Wenyeji nao wasaidie: kumwambia mtu "umekonda, unaumwa?" kila anapopungua kilo mbili ni kumrudisha nyuma.

6. Maswali manne ya mhudumu

Kabla ya kumjibu mgonjwa anayeuliza kama ale bila njaa, tabibu, muuguzi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii aulize:

1. Unatumia dawa gani? Nionyeshe pakiti.
2. Je, una mimba, unanyonyesha, au unatibiwa ugonjwa mwingine?
3. Njaa ilipotea lini, na je, ulikuwa unapungua kabla hujabadilisha chakula?
4. Ukiacha mlo, nini hutokea baadaye: unakaa vizuri hadi mlo unaofuata, au unakula maradufu usiku?

Majibu ya maswali matatu ya kwanza yakiwa salama, na la nne likionyesha kwamba anakaa vizuri, basi mgonjwa halazimiki kula asipokuwa na njaa. Milo miwili au mitatu iliyo kamili, yenye maharage au maziwa, mboga za majani na ugali wa kiasi, inamtosha.

Hitimisho

Yule mama wa Katesh hakuwa na kisukari. Alikuwa akitumia dawa ya shinikizo la damu tu. Tulimwondolea andazi la saa nne na viazi vya saa kumi, akaacha sukari kwenye chai, na ugali ukabaki palepale. Baada ya miezi mitano mizani ilionyesha kilo 79.5, na kipimo cha shinikizo la damu kilikuwa kimeshuka pia. Yule mkulima anaendelea kuhudhuria kliniki. Alibadilishiwa dawa, lakini hadi leo hubeba sukari katika karatasi ndogo mfukoni. Kila ninapoiona hukumbuka kuomba pakiti ya dawa kabla sijatoa ushauri wowote kuhusu sahani ya mtu.