Kimraba cha Anwani kwa Wanaokwenda Nzuguni



Wengi wenu mmetuuliza juu ya kile kimraba cheusi na cheupe kinachochapwa siku hizi kwenye risiti za kodi na bidhaa za dukani. Huitwa msimbo wa QR. Ulibuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara wa kampuni ya Denso Wave, ili vipuri vya magari vipate kuhesabiwa upesi kiwandani. Sisi twautaka kwa haja nyingine. Maonesho ya Nanenane ya kitaifa yalifanyika Nzuguni, Dodoma, mwaka 2024 na tena 2025, na mtu wa bara akiisha kununua pakiti ya karafuu pale, hana njia ya kutupata tena asipokuwa na anwani yetu.

Kwanza ijulikane kwamba ndani ya kimraba hamna kitu ila maneno. Mfano wake ni alama tunayoipiga kwenye gunia: alama si karafuu, yaonyesha tu mwenyewe ni nani. Simu huisoma anwani, kisha huufungua ukurasa kwa intaneti. Ukurasa ukihamishwa, kimraba hakina habari. Kitazidi kuwapeleka wageni kwenye nyumba iliyokwisha vunjwa.

Kazi yenyewe ni ndogo. Katika kompyuta ya mezani fungua kivinjari cha Chrome au cha Edge, uende kwenye ukurasa unaoutaka. Bofya mahali patupu, pasipo picha wala maandishi, kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Itatokea orodha, chagua maneno ya kuunda msimbo wa QR wa ukurasa ule. Kimraba kitaonekana, na chini yake kitufe cha kupakua. Basi, picha ni yako, bila ya malipo. Katika Chrome utaona kinyama kidogo katikati, msishtuke. Msimbo una akiba ndani yake, na ule wenye akiba kubwa kabisa husomeka hata kama kiasi cha asilimia 30 kimeharibika.

Kwa nini tusiende kwenye zile kurasa zinazotangaza misimbo ya bure? Kwa sababu baadhi yake haziandiki anwani yako. Huandika yao, na mteja hana budi kupitia kwao ndipo afike kwako. Muda wa bure ukiisha, mlango wafungwa mpaka ulipe, na huku pakiti mia tano zimekwisha bandikwa! Wakulima wa karafuu wawajua madalali vya kutosha. Haifai kumwongeza mwingine kwa hiari yetu.

Sasa uchapaji. Kimraba cha pakiti kisipungue sentimita 2 kila upande. Cha bango, chukua umbali wa msomaji uugawe kwa 10: atakayesimama mita 2 yafaa apate sentimita 20. Acheni ukingo mweupe pande zote, wala msikivute kikawa kirefu. Anwani ndefu huzaa vimraba vidogo vingi visivyosomeka kwa urahisi, kwa hiyo chagueni ukurasa wenye anwani fupi. Dodoma mwezi wa Agosti ni kavu, ina upepo na vumbi, na jua lake kali hung'aa juu ya karatasi ya nailoni hata kamera isione kitu. Tumieni karatasi isiyong'aa, mkaifute asubuhi. Kisha jaribuni kwa simu mbili tofauti kabla ya kuchapa zote.

Liko jambo moja la hatari. Mwizi aweza kubandika kimraba chake juu ya chetu, mnunuzi akapelekwa kwenye ukurasa wa kutapeliwa fedha, na lawama ikaja kwetu. Atakayesimamia meza na apapase bango kwa kidole kila asubuhi, kama kuna karatasi juu ya karatasi. Tena, chini ya kimraba iandikwe anwani ile ile kwa herufi za kawaida, ili mnunuzi ailinganishe na ile inayoonekana katika simu yake kabla ya kuifungua. Asiye na kamera naye ataweza kuiandika kwa mkono.