Radio haioni kila kitu



Mwaka uliopita niliandika kwenye orodha ya adhabu jina la mwenzetu mmoja, mkimbiaji wetu, aliyekataa kwenda shamba akisema mguu unamuuma. Radio ilipigwa, munganga hakuona kitu. Nikasema: huyu ni mvivu tu. Kisha juma tatu wakapiga radio tena: mfupa ulikuwa na ufa. Basi tutazame kwa nini ile ya kwanza ilinyamaza.

Radio inaonyesha umbo la mfupa. Ufa mwembamba sana unaweza kujificha mpaka mfupa uanze kujenga juu yake. Na ugonjwa ukila mfupa, picha inaweza kubaki safi mpaka chumvi zake zipungue 30 hadi 50 kwa mia pahali pale.

Lakini mfupa si jiwe. Mwaka 1935, kule Copenhagen, George de Hevesy na mwenzake walilisha panya fosforo yenye kutoa mionzi. Wakaona inaingia katika mifupa na kutoka tena. Mfupa unabomolewa na kujengwa kila siku.

Kazi hiyo ndiyo inapigwa picha katika sintigrafia. Wanafunga teknesiamu 99m kwenye dawa ya jamaa ya fosfati, wanaichoma katika mshipa wa damu. Mgonjwa anangoja saa 2 mpaka 4, anakunywa maji mengi na kukojoa, ili ile isiyoshika mfupa itoke. Kisha analala chini ya kamera. Kwa radio, mashine ndiyo inatupa mionzi. Huku mgonjwa mwenyewe ndiye anaitoa, kamera inapokea tu! Pale mfupa unapojijenga kwa nguvu, sababu ya ufa, usaha ao kansa iliyosambaa, doa jeusi linaonekana, mara nyingi kisha siku chache tu.

Wenye kuogopa mionzi wafanye hesabu: kila saa 6 nusu inakwisha. Kisha saa 24 inabaki 1/16, bila kuhesabu iliyotoka na mkojo. Mwanamke mwenye mimba aseme mbele.

Lakini doa halisemi jina la ugonjwa. Kwa wagonjwa wa SS, mfupa uliokosa damu na mfupa wenye mikrobe vinaweza kufanana, lazima vipimo vingine. Na miyeloma, kansa inayokula mfupa bila mfupa kujijenga, inaweza kupita bila doa.

Hospitali ya karibu nasi haina kamera hiyo. Jina la mwenzetu nimelifuta. Sasa mtu akisema mfupa ungali unamuuma, namrudisha kwa muuguzi kisha juma mbili, hata kama radio ilikuwa safi.