Kuandaa Kozi ya Mtandaoni ya Majengo ya Kale Kampala

Unafundisha usanifu majengo na unataka kozi ya mtandaoni kuhusu uhifadhi wa majengo ya kale? Jiulize kwanza: mwanafunzi akimaliza, aweze kufanya nini? Kwangu mimi, aweze kulipima jengo, kulichora, kueleza limeharibika wapi na kwa sababu gani, kisha kushauri litengenezwe vipi. Wiki nane zinatosha.

Kozi utaiweka wapi? Tumia Moodle, programu ya bure ya kupanga masomo. Chuo Kikuu cha Makerere kinayo tayari, kwa jina la MUELE. Gharama itakayowabana wanafunzi ni bando. Kwa hiyo rekodi video za dakika saba au nane, uambatanishe maandishi, ili mtu apakue akiwa chuoni akasome nyumbani bila intaneti.

Mifano haiko mbali. Wiki za mwanzo watume kwenye Makumbusho ya Uganda, barabara ya Kira, jengo la mwaka 1954 lililosanifiwa na Ernst May. Mwaka 2011 serikali ilikusudia kujenga mnara wa biashara mahali hapo, na watetezi wa urithi wakaenda mahakamani. Hapo ndipo pa kufundishia sheria, pamoja na Sheria mpya ya Makumbusho ya mwaka 2023.

Makaburi ya Kasubi, ya wafalme wa Buganda, yape wiki tatu nzima. Nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, iliungua Machi 2010, na UNESCO haikuyaondoa makaburi hayo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini hadi 2023. Kuezeka nyasi ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na ujuzi huo haumo kwenye michoro. Waombe wazee wakubali kurekodiwa wakieleza, na uwalipe kama unavyomlipa mhadhiri mgeni. Omba ruhusa kwa walinzi wa makaburi kabla ya kupiga picha yoyote. Ndani huingii na viatu.

Zoezi la vitendo halihitaji vifaa vya bei. Simu, tepu ya kupimia, rula na karatasi vyatosha. Mwanafunzi achague mlango mmoja mkongwe mtaani kwao, aegemeze rula ukutani ionekane pichani, apige picha akisogea hatua ndogo ndogo, kila picha irudie zaidi ya nusu ya iliyotangulia. Kompyuta ya chuo itaziunganisha ziwe umbo moja. Kazi hiyo huitwa fotogrametria. Lakini mchoro wa mkono uje kwanza, na uusahihishe wewe mwenyewe, kwa sababu anayechora ufa kwa penseli hulazimika kuufuata mpaka unapoanzia.