HOMA INAITA: ASKARI WA DAMU, KEMOKINI NA PALU



Wiki moja mbele ya egzamini, mwenzetu mumoja alishikwa na homa usiku. Aliogopa kukosa masomo, akameza parasetamol, homa ikashuka, akarudi mu kalasi. Kisha siku mbili tulimubeba mu mikono mpaka kwa munganga. Ilikuwa palu. Alipona. Lakini mimi kapita wenu nilimuona anatetemeka usiku ule, na sikusema neno. Njo sababu naandika hii somo.

1. Uvimbe ni kitu gani?

Ukichomwa na musumari ku muguu, pale panakuwa pekundu, panavimba, panawaka moto, panauma. Celsus, mwandishi wa Roma, aliandika alama zile ine karibu miaka 2.000 iliyopita. Waganga wanaiita enflamasio. Haiko ugonjwa, ni kazi ya mwili.

Chembe zilizoumizwa zinatoa vitu vidogo sana, jina lao kemokini. Fikiri harufu ya sombe inayotoka jikoni: hauoni chungu, lakini unafuata harufu mpaka unafika. Vile vile chembe nyeupe za damu, askari wetu, zinatoka mu mishipa na kufuata kemokini mpaka ku kidonda. Kemokini moja ya zile za kwanza kujulikana, interlekini 8, ilitambuliwa mu 1987.

2. Mulango ambao sisi hatuna

Mu 1950, Uingereza, waganga walikuta alama moja ku chembe nyekundu za damu. Wakaipa jina la mugonjwa wao, Duffy. Mu 1976 Louis Miller na wenzake kule Marekani walionyesha kama watu wasio na alama ile hawashikwi na palu ya aina ya vivax. Na mu 1993 ikajulikana kama Duffy ni mahali pa kushikia kemokini. Kumbe kidudu cha vivax kilikuwa kinaingia kwa mulango wa kemokini!

Sisi watu wa Afrika ya kati, karibu wote, chembe zetu nyekundu hazina ule mulango. Kwa hiyo vivax ni kidogo sana kwetu. Lakini tusijisifu: mu 2010, ku Madagascar, watafuti walionyesha kama vivax inaweza kushika hata wengine wasio na Duffy.

Jambo lingine: watu wasio na Duffy mara nyingi wako na askari weupe kidogo mu damu, na ni wazima kabisa. Ukiona hesabu ndogo ku karatasi ya laboratwari, uliza munganga kwanza, usilie mbio.

3. Palu yetu

Palu inayotusumbua hapa Lubumbashi ni falciparum. Yenyewe haitafuti mulango wa Duffy, inajua milango mingine. Chembe nyekundu zilizoshikwa zinajibandika ku ukuta wa mishipa midogo, hata mu ubongo. Mwili unaita askari, kemokini zinazidi, mishipa inavuja, ubongo unavimba. Moto tuliowasha kwa kupika unachoma nyumba. Mu 2023 palu iliua watu karibu 600.000 mu dunia, wengi wao watoto wadogo wa Afrika. Kwa hesabu ya wagonjwa, inchi yetu ilikuwa ya pili nyuma ya Nigeria.

4. Basi tuzime uvimbe?

Mutu atauliza: kama uvimbe unaua, juu ya nini tusiuzime? Waganga pia waliuliza. Ku Thailand walijaribu deksametazoni, dawa kali ya kupunguza uvimbe, kwa wagonjwa 100 waliopoteza fahamu juu ya palu ya ubongo. Matokeo yalitoka mu 1982. Waliopewa dawa ile walikawia kuamka: masaa 63, na wenzao masaa 47. Vifo havikupungua, na matatizo mengine yaliongezeka.

Tunajifunza nini? Homa ni mwito. Ukifunga kinywa cha mwenye kuita, mwizi angali mu nyumba. Parasetamol haiko mbaya, inashusha homa, lakini haiui kidudu hata kimoja. Kinachoponyesha ni dawa inayoua kidudu, na inapatikana kisha kupima damu.

5. Kwa sisi wenyewe

Ukishikwa na homa usiku, amusha kapita usiku ule ule. Hapana kungoja asubuhi, hapana kuficha juu ya Egzamini ya Leta. Egzamini inarudi kila mwaka. Na wewe unayelala karibu na mwenye kutetemeka, sema. Mimi nilinyamaza mara moja; inatosha.

Maulizo ya kujipima:
a) Alama ine za uvimbe ni zipi?
b) Kemokini inafanya kazi gani?
c) Juu ya nini vivax ni kidogo kwetu, na falciparum ni nyingi?
d) Homa ikishuka, palu imekwisha? Eleza.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho