SOMO LETU: ALIYEONA ASINYAMAZE

(Soma: Walawi 5:1)



Fungu hili humhesabia hatia shahidi aliyeona au kujua jambo, naye asiseme. Tulitafakari kwa habari ya ndugu zetu wenye ualbino.

Kabanga, wilayani Kasulu, hapa hapa mkoani kwetu, palipata kuwa kimbilio la watoto walioondolewa makwao kwa kuogopa wauaji. Mwaka 2024, wilayani Muleba, mkoa wa Kagera, mtoto mdogo alinyakuliwa nyumbani kwao akauawa. Miongoni mwa walioshtakiwa alikuwamo baba yake. Basi tusiseme, "Hayo ni ya nyumba yao."

Tutoe taarifa ya nini? Kwanza, matusi: kumwita mtu "dili" si utani, ni kumtia bei. Pili, mtu anayepeleleza mtoto analala wapi. Tatu, mpiga ramli anayeagiza viungo vya binadamu. Tusingoje damu.

Kwa nani? Mwenyekiti wa mtaa, au polisi, simu 112. Kwa habari za mtoto, 116, bila malipo. Taja ulichoona, siku na mahali. Uvumi usiutie chumvi, maana asiye na hatia naye aweza kuumizwa. Anayeogopa ajue kwamba ipo Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi.

Maswali ya kujadiliana:
1. Hapa Gungu, ni nani anayeishi kwa hofu?
2. Akitishwa leo, nani kati yetu atamsindikiza kituoni?