Kabla Hujalipia Hiace

Leo naongea na mnaotaka gari kubwa la kufungwa kwa ajili ya kazi. Wewe unayepika chakula cha shughuli na umechoka kukodi kirikuu kila Jumamosi, wewe fundi wa alumini unayebeba madirisha, wewe unayesambaza mtindi madukani. Na nyie wawili mnaotaka kuweka kitanda na jiko nyuma, muizunguke nchi mkilala humohumo, nanyi sogeeni. Swali lenu ni moja: nichukue lipi ambalo halitaniangusha?

Hakuna gari lisiloharibika. La kutegemewa ni lile ambalo likikufia Makambako saa moja jioni, fundi wa palepale analijua, na spea yake inapatikana kesho asubuhi bila kusubiri basi la kutoka Dar. Kwa kipimo hicho, Afrika Mashariki yetu jibu la kwanza ni Toyota Hiace, la pili ni Nissan Caravan. Mercedes Sprinter na Ford Transit ni magari mazuri, na Ulaya ndiyo yanayofanya kazi hizi zote. Lakini huku mafundi wake ni wa kutafuta na spea nyingi ni za kuagiza. Kama gari ndilo litakalolipa ada za watoto, usianze biashara na hayo.

Basi twende kwenye Hiace yenyewe, maana si moja. Iliyojaa barabarani sasa ni umbo lililotoka Japani Agosti 2004. Ile ya kabla yake, ambayo watu wa Dar waliipanda miaka mingi kwa jina la kipanya, ilianza 1989. Umbo la kawaida la sasa lina urefu wa mita 4.695, upana wa mita 1.695 na kimo kisichofika mita 2. Vipimo hivyo vimekatwa kufuata sheria ya Japani: gari dogo la mizigo lisizidi mita 4.7 kwa 1.7 kwa 2, la sivyo linahamia daraja jingine la usajili lenye gharama zaidi. Ndiyo maana wafanyabiashara wa Japani wanaishi nazo, na minada yao haikauki Hiace.

Ndani ya umbo hilohilo kuna DX na kuna Super GL. DX ni ya kazi: ukikunja siti ya nyuma unapata sakafu ya karibu mita tatu. Super GL ina vitambaa vizuri, taa nzuri na siti ya pili ya kustarehe, lakini siti hiyo imekula nafasi ya mzigo, na bei yake iko juu. Mpishi, chukua DX. Masufuria yako hayahitaji kitambaa. Anayetaka kulala ndani anaweza kufikiria lile refu lenye paa la juu, mita 5.38 kwa upana wa 1.88, kimo karibu mita 2.3. Hata humo mtu wa kimo cha kawaida anainamisha kichwa, ila unavaa suruali bila kulala chali.

Sasa injini, na hapa naomba mnisikilize kwa utulivu, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

Mwambie muuzaji akupe namba ya chesisi kabla hujapanda daladala kwenda kuliona gari. Herufi za mwanzo zinakueleza kilicho chini ya siti. TRH ni petroli, ya lita 2.0 au 2.7. KDH ni dizeli yenye tabo, lita 2.5 au 3.0. GDH ni dizeli mpya ya lita 2.8 iliyoanza kuwekwa mwishoni mwa 2017. LH ni zile dizeli za zamani za umbo la kipanya, na nyingi za miaka yake ya mwisho zina injini ya 5L, lita 3.0, isiyo na tabo.

Petroli ya lita 2.0 watu wanaidharau kwa sababu haina nguvu ya kupanda. Ni kweli, inasukuma nyutoni-mita 182, wakati dizeli ya lita 3.0 ina 300. Lakini jiulize unapanda wapi. Kama kazi yako ni Mbezi, Kariakoo, Tegeta na kurudi, unasimama kwenye foleni na kuzima gari kila dukani, petroli ndiyo yako. Ina cheni ya taiming badala ya mkanda, haina tabo, haina pampu ya presha kubwa, na plagi zake kila fundi anazijua. Utatoa zaidi kwenye mafuta kila wiki, sikufichi. Lakini hutapigiwa simu ukaambiwa nozo nne zimekufa.

Dizeli ya KDH ya lita 3.0 ni injini ninayoiheshimu sana kwa safari ndefu. Mzigo wa tani moja, mlima Kitonga mbele yako, inapanda bila kulia. Ila ina mambo yake, na madalali hawayasemi. Kwanza, washa za shaba zinazokaa chini ya nozo zikichoka, moshi wa silinda unapenya na kuingia kwenye oili. Masizi yanajikusanya chini kwenye sampu na kuziba chujio la pampu ya oili, halafu tabo na beringi zinakaukiwa huku wewe unaendesha ukiimba. Kwa hiyo ukinunua, sampu ifunguliwe, chujio lisafishwe, washa zibadilishwe. Ni kazi ya siku moja au mbili kwa fundi mzuri, na inaokoa injini nzima. Pili, ina mkanda wa taiming unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Kuna taa ya T-BELT kwenye dashibodi inayokukumbusha, lakini taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa. Usipoona uthibitisho kwamba umebadilishwa, badilisha.

Tatu, dizeli za karibuni kutoka Japani zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kichujio hicho kinajisafisha kwa joto, na joto linapatikana gari likikimbia barabara kuu kwa muda. Ukilitembeza kilomita tatu-tatu mjini mwaka mzima, kitaziba. Hapo ndipo watu wanalaumu gari, na kosa ni kuipa dizeli kazi ya petroli.

Kwa Caravan nasema kwa kifupi. Umbo lililoanza 2012 ni zuri, sakafu yake imeizidi kidogo Hiace ya kawaida, na kwa bei ileile mara nyingi unapata ya mwaka wa karibu zaidi. Hakikisha tu kwamba mtaani kwako kuna fundi wa Nissan. Lile la kabla yake lenye dizeli ya ZD30 liogope, hasa kama limebeba abiria miaka mingi. Injini hiyo ina sifa ya kuyeyusha pistoni, na kuifufua ni ghali.

Siku ya kwenda kulikagua, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, nyanyua siti ya mbele, maana injini iko chini yake, na uiguse. Ikiwa ya moto, ulishachelewa: tabia ya asubuhi imefichwa. Rudi kesho. Ikiwa baridi, muuzaji aliwashe, wewe ukiwa nje ukiangalia ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe mzito usioisha kwenye dizeli unaelekeza kwenye nozo au kwenye gasketi ya silinda hedi. Likiwa linanguruma, fungua kifuniko cha kuongezea oili. Kama moshi unatoka pale kwa mapigo yenye nguvu, ringi zimechoka. Lipa fundi wako mwenyewe aje na mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Fundi aliyeletwa na dalali ni mtu wa dalali, hata akiwa mcheshi namna gani.

Odometa usiiamini peke yake. Angalia raba za pedali, ukingo wa siti ya dereva, usukani, reli ya mlango wa kutelezesha. Gari la kilomita 80,000 haliwezi kuwa na pedali iliyolika hadi chuma. Halafu fungua mlango wa dereva na uchungulie kwenye nguzo: karakana za Japani hubandika stika ndogo wanapobadilisha oili au mkanda wa taiming, zikiwa na tarehe na kilomita. Mwaka huandikwa mara nyingi kwa hesabu yao. Ukiona H25, au 25 tupu, jumlisha 1988, unapata 2013. Ukikuta R mbele, jumlisha 2018. Stika ya 2013 ikisema kilomita 140,000 na odometa leo inasema 95,000, shukuru, funga mlango, nenda nyumbani. Mimi ningechukua Hiace ya kilomita 250,000 yenye stika zake zote kuliko ya 90,000 iliyopakwa rangi mpya.

Ingia pia uvunguni. Hiace nyingi zinazosukumwa na magurudumu yote manne zimeishi sehemu za theluji kama Hokkaido, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi kuyeyusha barafu, na chumvi inakula chesisi kimyakimya. Gonga kwa bisibisi. Pakisikika laini, au pakiwa pamepakwa rangi nyeusi mpya nzito, achana nalo. Tairi nazo zisome: za umbo la kawaida ni 195/80R15 za gari la mzigo, zenye alama ya 107/105. Mtu akishafunga za gari dogo kwa sababu ni rahisi, zitapasuka ukiwa umejaza. Tarakimu nne pembeni ya tairi ni wiki na mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019.

Hili linalofuata nalisema kwa uchungu. Hiace ya mizigo isifanywe gari la wanafunzi kwa kuchomelea mabenchi. Sakafu ile haikujengwa kushika viti vya watu, na hakuna mahali imara pa kufungia mikanda. Breki moja ya ghafla na benchi linang'oka na watoto juu yake. Kama biashara yako ni watoto, nunua lililotoka kiwandani likiwa la abiria, lisajili kwa kazi hiyo, likatie leseni yake, kwa Tanzania LATRA, kwa Kenya NTSA. Na bima iendane na matumizi. Gari lenye bima ya binafsi linalofanya kazi ya biashara, siku ya ajali utajikuta unabishana na kampuni ya bima huku umelala hospitali.

Nyie wa kulala ndani, msianze na makabati. Anzeni na hewa. Paa lile la bati likipigwa na jua la Dodoma halikaliki, kwa hiyo weka kizuia joto kati ya bati na ubao, na feni ya juu. Kisha umeme: friji ndogo ya volti 12 kwenye joto letu itakula kama wati-saa 500 hadi 600 kwa siku. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 inabeba karibu 1,280, yaani siku mbili bila jua. Paneli ya wati 200 itarudisha kilicholiwa na friji siku ya kawaida. Zaidi ya hapo mnaongeza uzito, na mbao nzito zinachosha springi kuliko mnavyodhani. Masika, gari linalosukumwa na magurudumu mawili tu halitawatoa kwenye udongo mweusi wa mbugani; pangeni safari za kiangazi.

Na nawaomba sana: jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari, hata liwe limebaki majivu yanayong'aa kidogo. Msilale injini ikiwaka ili mpate kiyoyozi. Hewa ya kaboni monoksidi inayotoka hapo haina harufu, na inaua mtu akiwa usingizini. Kifaa cha kuitambua si ghali, kifungeni karibu na kichwa.

Kuhusu kuagiza mwenyewe au kununua hapa: kama unaagiza, pigia hesabu ushuru kwanza kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni, usikisie. Tanzania gari likizeeka linaongezewa ushuru wa uchakavu. Kenya hawapokei lililozidi miaka minane, Uganda waliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Mwambie muuzaji wa Japani akutumie karatasi ya mnada yenyewe, na utafute mtu wa kukusomea. Herufi R kwenye daraja la gari maana yake liliwahi kugongwa likatengenezwa. Kama unanunua hapa, jina kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayepokea pesa, madeni ya faini yaangaliwe kwa namba ya gari, na malipo yapite benki.

Usimalize pesa zote kwenye kununua. Tenga angalau sehemu moja ya kumi ya bei kwa wiki ya kwanza: oili na filta zote, maji ya rejeta, mafuta ya gia na difu, breki pande zote, mkanda wa taiming kama ni KDH. Kazi ya kwanza ya gari iwe kwenda kwa fundi, kabla ya harusi ya mtu yeyote. Nunua na daftari, andika kilomita na tarehe kila unapogusa kitu. Siku ukiliuza, mnunuzi makini ataliomba hilo daftari kabla ya kuulizia bei.